Jina la Kumzikia Kaizari

"Mbona hakuna anayenilaani?"

Ndivyo alivyoniuliza, wallahi, adhuhuri ya siku ya bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, nami nina mambo yangu tele kichwani na bahari inaugonga ukuta hata sakafuni unaisikia. Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia arudie.

"Nilitawala muda mrefu," akasema Kaizari Lou Heng. "Nilichimbisha mifereji, nilitoza kodi, nilipeleka vijana wa watu vitani wasirudi. Lakini kila sauti mliyonipa inanisifu. Mtawala asiyelaaniwa hajazaliwa bado, binti. Mmeniondolea nini?"

"Wewe shukuru," nikamjibu. "Wenzio wanalaaniwa wangali hai."

Hakucheka. Kwenye kioo cha mtambo alionekana kama kawaida yake: mabega mapana, joho jeusi, na ile kofia ya kifalme yenye shanga zinazoning'inia mbele. Nyuma ya shanga hapakuwa na kitu. Uso hatukumpa, kwa sababu hakuna aliyeukumbuka. Raia hawakuthubutu kumtazama, na waliothubutu hawakusimulia. Mwanzoni lile pengo lilikuwa likinipa ndoto mbaya. Baadaye nililizoea, nikawa namgombeza kama ninavyomgombeza mtu mwingine yeyote.

Wageni wakija Rasmdimu hutuuliza kama tuna akili timamu, jiji zima kuweka roho yake mikononi mwa mfalme wa Kichina aliyekufa zamani hizo. Nawajibu kwamba wa hai tulishawajaribu. Jiji letu liko chini kuliko bahari. Ukuta umetuzunguka, na ukuta una malango upande wa Bondeni, kwenye mashamba ya chumvi. Bahari ikizidi nguvu, malango yakifunguliwa, maji hujaa Bondeni na Mjini kukasalimika. Yasipofunguliwa, maji huruka ukuta na kuzamisha Mjini, na huko ndiko iliko hospitali na ndiko ziliko pampu zinazotuweka hai sote. Mkuu wa Jiji wa mwisho aliyeyafungua kwa mkono wake alichomewa nyumba, akakimbilia ng'ambo. Baada yake hakuna aliyekubali kuyagusa. Ndipo tukapiga kura, tukaamua kazi hiyo aachiwe maiti. Maiti hali rushwa, hana shemeji, wala hagombei uchaguzi.

Namna ya kumtengeneza Kivuli, yaani mfano wa marehemu ndani ya mtambo, mafundi wetu walikuwa wameshaijua. Unachukua kila lililosemwa juu ya marehemu: nyimbo, maandishi ya kwenye mawe, ngano za bibi vizee, dua za mbele ya ubani, hata mizaha ya sokoni. Unayamimina yote ndani ya mtambo. Kila kauli inamvuta kidogo upande wake, na kauli ya wengi inamvuta zaidi, mpaka anasimama mtu anayefikiri kama yule aliyekumbukwa. Si yeye mwenyewe. Ni yeye kama alivyobaki midomoni mwa watu. Lou Heng tulimchagua kwa sababu alisifiwa kuliko wote kwa jambo moja, kwamba aliuokoa mji wake mkuu na mafuriko ya Mto Suo.

"Huo Mto Suo ndio unaonisumbua," akaendelea, kana kwamba ameisikia fikra yangu. "Nina nyimbo za watu wa mji mkuu wakicheza ngoma kwenye njia kavu. Wanasema mto ulifura, nami nikalikata tuta upande wa kusini, maji yakaenda huko. Huko kusini kulikuwa na vijiji. Sina hata sauti moja ya watu wake. Walikwenda wapi?"

"Labda walihama."

"Labda," akasema.

Nilitazama kamera za ukutani, nikaona bahari imeshapanda mpaka kwenye mstari mwekundu, na magharibi, wakati wa maji kujaa kabisa, bado iko mbali.

*

Mheshimiwa Twaibu, Mkuu wa Jiji, aliingia na koti la mvua linalochuruzika, akaniharibia zulia. Ni mtu mpole, sitamsingizia.

"Bi Saumu, jina tunalitaka alasiri," akasema. "Watu wa hali ya hewa wanasema upepo umegeuka."

Hapa nieleze kidogo. Huko Uchina ya kale, kaizari akifa, mawaziri walikaa kitako wakampa jina la kumzikia. Jina moja, na ndani yake hukumu ya utawala wake wote. Aliyetawala kwa wema aliweza kuitwa Hui, mwenye fadhila. Mkatili aliitwa Li, akaenda nalo milele, maana maiti hana mdomo wa kukata rufaa. Baadaye alitokea kaizari mmoja akaifuta desturi hiyo. Aliona ni utovu wa adabu mtoto kumhukumu baba yake. Sisi Rasmdimu tukaifufua, tukaifanya kufuli. Kivuli akiitwa Hui, malango yanamtii yeye peke yake. Akiitwa Li, anafutwa, na malango yanabaki yamefungwa. Na jina halisomwi chumbani. Linasomwa mbele ya watu wote, kwenye vipaza sauti vya jiji zima, baada ya kutaja matendo yake. Msomaji akishaanza, hakuna ruhusa kumkatiza. Ukikata sauti yake, jina linabatilika na malango hayafunguki tena.

Msomaji ni mimi. Nilisomea historia ya Uchina, na nitasema kweli, wengine wote waliombwa wakakataa. Siku ya jina msomaji ananyang'anywa simu asije akashawishiwa. Kwa hiyo tangu asubuhi sikuwa nimepata habari za mama. Mama yangu alipooza miguu, analala chumba cha chini mtaa wa Mkunguni, huku Mjini, mahali ambapo ukuta ni mfupi kuliko kote. Anaangaliwa na Shamsa, binti wa jirani, msichana mwenye nguvu na maneno mengi kama kasuku.

"Na watu wa Bondeni?" nikamuuliza Mheshimiwa.

"Watahamishwa. Kuna mabasi."

"Yako wapi hayo mabasi? Kwenye kamera siyaoni."

"Yako njiani, dada yangu. Wewe shughulika na jina."

Alipotoka, Kaizari akasema taratibu, "Nami niliwahi kuwa na mawaziri wa namna hii." Nikamwambia asinitie wasiwasi, ninao wa kutosha. Kisha nikashuka ngazi kwenda kwa Bi Kazija.

*

Bi Kazija ndiye mkuu wa chumba cha uchambuzi. Kila sauti iliyokusanywa kutoka Uchina, kabla haijaingia kwenye mtambo, ilipita mikononi mwake na mwa wanawake wenzake, watu wazima wote, wenye heshima zao. Nilimkuta anatafuna tambuu mbele ya mashine zilizozimwa.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawijika hivyo? Umekula?"

"Sijala. Bibi, Kaizari anauliza laana zake ziko wapi."

Akaacha kutafuna. "Nani kamwambia?"

"Hakuambiwa. Kazikosa mwenyewe."

"Tuliziondoa," akasema, wala hakutahayari. "Marehemu hasemwi, Saumu. Wewe si umelelewa hapahapa? Maiti unamtaja kwa wema au unanyamaza. Na yale matusi, jamani, hayatamkiki! Tukayachambua kama mchele, chuya huku, mchele huku. Wala hatukupewa amri. Ni adabu tu."

Nikakaa kwenye kiti. Mafundi wangekagua nyaya mpaka kiama wasigundue. Kosa hili lisingefanywa na mashine wala na mtu mbaya. Lilitaka wanawake waliofunzwa na mama zao.

"Mmezitupa?"

"Astaghfirullah! Laana haitupwi ovyo, itamrudia aliyeitupa. Zipo, nimezihifadhi. Kila mwezi ukiandama nazifukizia ubani."

Nikamwomba anisikilizishe. Alisitasita, akasoma dua kidogo, akawasha mashine. Sauti zilikuwa za watu waliokufa karne nyingi zilizopita, zilizochongwa kwenye vigae na kupokezanwa na vizazi, na mashine ikizisema kwa Kiswahili. Zilikuwa za watu wa kusini ya Mto Suo, wachache waliokwea mapaa na miti, na watoto wao, na wajukuu wao. Kulikuwa na matusi, ndiyo, ya kumfanya mtu azibe masikio. Lakini moja lilikuwa la kumbembelezea mtoto:

*Lala kwa jicho moja, mwanangu,*
*lingine liache kwenye maji.*
*Mwizi hunyata, fisi hulia,*
*Kaizari hapigi hodi.*

Lilirudiwa na sauti nyingi, za wanawake wa miaka na miaka. Hawakulalamika kwamba mji mkuu uliokolewa. Walilalamika kwamba walifunguliwa maji wamelala, na mtu wa mfalme alipita njiani kwao jioni ile na farasi, akawaona wanakula, akawapita.

Bi Kazija alikuwa analia. "Nilipozichambua sikuzisikiliza," akasema. "Nilisikia tusi, nikaweka pembeni."

"Wale wa mji mkuu walisifu."

"Kwa nini wasisifu? Walilala pakavu. Zichukue, mwanangu. Zichukue zote, Mungu anisamehe."

*

Nilikutana na Mheshimiwa Twaibu kwenye ngazi, nikamzibia njia.

"King'ora cha Bondeni kitalia saa ngapi?"

"Bi Saumu, muda hatuna."

"Saa ngapi?"

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. Nikajua kabla hajasema.

"Kikilia watakuja kukaa malangoni," akasema kwa sauti ya chini. "Watakuja na watoto wao. Nani atafungulia maji juu ya mtoto? Basi hayatafunguliwa, na Mjini kote kutafunikwa na maji, na hospitali, na pampu. Kisha Bondeni nako kutafunikwa, maana bila pampu hakuna jiji. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Na mabasi?"

"Hakuna mabasi."

"Mkuki kwa nguruwe, Mheshimiwa!" Nilipiga kelele, sikujizuia. "Wewe wako umewaweka wapi leo? Ghorofa ya ngapi?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mama yako si yuko Mkunguni?" akasema. "Tukiwangoja wa Bondeni wapande, maji yataanzia pale. Yataanzia kitandani kwake, Bi Saumu. Sikutishi. Nakukumbusha tu."

Akanipita akashuka. Nilibaki nimeshika ukuta. Nilimwona mama akitazama mlango, na maji yakiingia kwa chini yake taratibu. Nikasema peke yangu, basi, Saumu, mwite Hui uende zako nyumbani. Nani atakulaumu? Watakaokulaumu watakuwa wamekufa.

Ndiyo, niliyasema maneno hayo. Kisha nikapanda ngazi.

*

Laana zote zilimwingia Kaizari kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Shanga za kofia zilitikisika, zikatulia, zikatikisika tena. Nilimngoja aseme.

"Hawa ni wachache," akasema mwishowe.

"Wengi walizama."

"Naam. Ningepiga hodi, wangekuja tutani na majembe yao. Ningewaua kwa panga badala ya maji, na mji ungezama vilevile."

"Uliwaza hivyo siku ile, au unawaza sasa?"

"Sijui. Hakuna aliyekuwa kichwani mwangu akatoka kwenda kusimulia." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mzee. "Na watu wenu wa chini, wamepigiwa hodi?"

"Bado."

"Wanakula sasa hivi?"

Nikatazama kamera. Bondeni watu walikuwa wanaanua chumvi kwa ajili ya mvua. Mama mmoja alikuwa anakaanga kitu kibarazani, na kitoto kimemshika kanga. "Wengine wanakula," nikasema.

"Usiniambie tena."

"Nitakuambia mpaka masikio yakuume! Nikikuita Hui nikakupa malango, utawangoja wapande?"

Wimbi zito likapiga, vioo vya dirisha vikalia.

"Nataka kusema ndiyo," akasema. "Lakini mimi ni yale niliyosemwa, binti, na walionisifu ni wengi kuliko walionilaani. Malango yakiwa mikononi mwangu wengi watanivuta, nitafungua papo hapo. Usiniamini."

Nimeishi na watu wa hai miaka mingi na hakuna aliyepata kuniambia neno la kweli namna ile. Nikafikiri nimwite Li, afutwe, nimalize. Lakini kumwita Li ni kuizamisha hospitali na kila aliyelazwa, na mama yangu. Hui ni kuizamisha Bondeni. Nilizunguka chumba, nikakaa, nikasimama, nikajikuta nauma kucha, tabia niliyoiacha nikiwa mwanafunzi. Macho yakaangukia kipaza sauti cha kusomea jina.

Jiji zima litanisikia. Bondeni pia. Na hakuna atakayeweza kunikatiza mpaka nitamke jina.

*

Nilianza kama inavyotakiwa. "Enyi watu wa Rasmdimu, huyu ni Lou Heng, kaizari, aliyetawala kando ya Mto Suo." Mheshimiwa Twaibu na wazee wa baraza walikuwa wamesimama nyuma ya kioo, wameinamisha vichwa kwa heshima. Nikataja mifereji. Nikataja maghala ya nafaka wakati wa njaa. Nikataja mafuriko, na njia kavu za mji mkuu, na ngoma.

"Na kusini ya mto walikuwapo watu," nikasema, "na watu hao hawakuambiwa. Basi watu wa Bondeni, hodi! Hodi! Hodi! Mimi ni Saumu binti Kombo, nawapigia hodi. Malango yatafunguliwa nikilitamka jina la huyu mfalme. Sijalitamka. Nitalizuia mdomoni kadiri nitakavyoweza. Pandeni tuta la reli! Pandeni vilima vya chumvi! Msije malangoni, mkija malangoni mtakufa na Mjini nako watakufa. Beba mtoto, beba mzee, acha sufuria!"

Vichwa vya wazee vikainuka. Mheshimiwa Twaibu akakimbilia swichi ya umeme, akanyoosha mkono, akaurudisha. Akiukata, malango hayafunguki tena. Akabaki anaitazama swichi.

Kwenye kamera, Bondeni hakuna aliyetikisika. Ewe Mola! Walisimama tu wakitazama juu kwenye vipaza sauti. Kisha yule mama wa kibarazani akalipindua karai lake motoni, akamkamata mtoto, akakimbia. Baada yake njia zikajaa. Wengine walikwenda malangoni kweli, wanaume na majembe ya chumvi, wakapiga makelele. Wanawake wakawafuata wakawavuta kwa mashati. Tuta la reli likaanza kuwa jeusi kwa watu.

Mimi nikaendelea kusema, maana nikinyamaza wangedhani nimemaliza. Nilitaja kodi za Lou Heng, farasi zake, wake zake. Nililiimba lile bembelezi. Koo lilinikauka, nikasema kwa koo kavu. Hata tuta la reli lilipofika nusu kujaa, nikatazama kamera ya Mkunguni.

Maji yalikuwa yanaruka ukuta.

Hayakuja kwa kishindo. Yaliteleza tu juu ya ukuta, yakashuka mtaani, yakaingia vibarazani. Mtu mmoja alitoka na fagio akayafagia. Wa Mkunguni walikuwa wamenisikia nikiita Bondeni, Bondeni, Bondeni, wakadhani hayawahusu. Walikaa ndani wanangoja malango yafunguliwe waokoke.

Nikafungua mdomo niwaite.

Sikuwaita. Nitasema kwa nini. Mkunguni ni hatua chache na jengo letu. Wangejua kwamba ni mimi ninayeyaleta maji majumbani mwao, wangekuja kuvunja mlango, wangenitoa jina kooni kwa nguvu, na Bondeni nusu yao walikuwa bado njiani. Niliyafikiri yote hayo kwa pumzi moja, na hesabu ilikuwa sawasawa.

"Na wale wa upande wa pili, binti?" Kaizari akanong'ona. "Hao nao wamepigiwa hodi?"

Nikafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Nyamaza."

"Ndivyo nilivyo—"

"Nyamaza, nimesema!"

Akanyamaza. Nyuma ya kioo Mheshimiwa Twaibu alikuwa amepiga magoti, analia wazi kama mtoto, akinionyesha kwa kidole Mkunguni, Mkunguni. Nami nikasimulia habari za mfereji wa tatu wa Lou Heng, urefu wake, na miti iliyopandwa kandokando. Maji yalifika madirishani kwa jirani yetu muuza vitumbua. Kamera ile ikazimika.

Bondeni mzee wa mwisho niliyemwona alipandishwa tutani kwa mgongo wa mtu. Kama kulikuwa na wengine ndani ya nyumba, sikuwaona. Nilijua anachostahili kuitwa, naye alijua.

"Jina lake la kumzikia," nikasema, "ni Hui."

Malango yakafunguka.

*

Kwenda Mkunguni nilikwenda mbio, bila viatu, na sikuomba ruhusa ya mtu. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi nyuma, yakiburuta viti na magodoro, na mtaa ulikuwa na giza la magharibi kwa sababu taa zote zimekufa. Njiani watu walikuwa wanashukuru Mungu kwamba Mjini kumesalimika. Mmoja alinitambua akanibusu mkono.

Mlango wa kwetu ulikuwa wazi. Niliita, "Mama!" Nikaita tena.

"Niko huku," akasema.

Alikuwa juu ya kabati la nguo, amelala chali karibu na dari, na kanga zake zimelowa. Nililia, nikapanda juu ya meza nikamshika miguu ile isiyosikia. Nilimbusu nyayo. Sijapata kufurahi hivyo maishani mwangu.

"Nani alikuweka huko?"

"Shamsa. Alinibeba kama gunia, maji yako kiunoni, anachekacheka ati mama una uzito wa ng'ombe." Mama alikuwa akinitazama kwa namna nisiyoijua. "Kisha akatoka kwenda kumtoa yule mzee wa chumba cha nyuma. Sikumsikia tena. Nimemwita mpaka nimechoka."

Nikatoka uani. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa tope mpaka kwenye kitasa. Nikarudi.

"Tulikuwa tunakusikiliza," mama akasema. "Shamsa alifungua dirisha makusudi tukusikie vizuri. Alikuwa anakusifu. Anasema, mwanao ana moyo, anawaambia wa Bondeni wapande. Tukakaa hapa tunakusikiliza mpaka maji yakatukuta. Mbona sisi hukutuambia, Saumu?"

Nilimshusha, nikamkausha, nikamlaza mezani. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Nje watu walikuwa wameanza kuita majina, nyumba kwa nyumba, na jina lililoitwa zaidi lilikuwa la Shamsa.

Kisha mama yake Shamsa akaja. Nilimjua kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni, maana tumeishi ukuta kwa ukuta tangu mimi mdogo, na maziwa yake nimeyanyonya mama yangu alipougua. Alikuwa na taa ya mkono. Akaimulika meza, akaimulika kabati, akanimulika mimi usoni. Hakuuliza binti yake yuko wapi. Nadhani alikuwa ameshatoka huko nyuma.

"Saumu, mwanangu," akasema. "Ulipokuwa unasema kule, ulijua kwamba maji yanakuja kwetu?"

Ningeweza kumwambia habari za kamera, na hospitali, na hesabu. Alikuwa ameshika taa kwa mikono miwili, anangoja.

"Nilijua, mama," nikasema.